Taa zikapokelewa, vichanja vikakataliwa: uchambuzi wa kisa cha mwalo mmoja wa dagaa

Watu walewale, ufukwe uleule, miaka ileile. Kifaa kimoja kilienea bila mtu yeyote kukihubiri. Kingine kililetwa bure, kikafanyiwa semina, kikawekewa na faini, na bado sehemu yake ikaishia jikoni kama kuni. Nimeandika kisa hiki kwa ajili ya maofisa ugani, viongozi wa vikundi na yeyote anayewapelekea watu kitu kipya, kwa sababu kauli niliyoisikia mara nyingi kuliko zote katika kazi hii ni kwamba "wananchi ni wagumu kubadilika." Kwenye mwalo huu, yaani ufukwe mitumbwi inaposhushia samaki, kauli hiyo haikuwa kweli, na ushahidi ulikuwa unawaka ziwani kila usiku wa giza.

Majina ya kisiwa, ya mradi na ya watu nimeyaondoa. Mimi nilikuwa mmoja wa wawezeshaji wa mradi huo, kwa hiyo baadhi ya makosa nitakayoyataja ni yangu.

Mwalo na watu wake

Kisiwa kiko Ziwa Victoria, upande wa Tanzania. Dagaa wa ziwa hili, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, huvuliwa usiku kwa taa. Taa inaelea juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unawazunguka. Mwezi ukishakuwa mpevu taa hazina nguvu tena, mitumbwi inapandishwa nchi kavu. Ndiyo maana mwalo hauhesabu tarehe, unahesabu mwezi: siku za giza ni za kazi, siku za mbalamwezi ni za kushona nyavu, kusafiri na kudaiana.

Majini kazi ni ya wanaume: tajiri mwenye mtumbwi na vibarua wake. Nchi kavu kazi ni ya wanawake. Mtumbwi unapofika alfajiri wananunua dagaa wabichi kwa ndoo, wanaanika mchangani, wanageuza, jioni wanafagia na kujaza magunia. Mnunuzi anakuja na boti, anapima kwa mzani wake, anapeleka mjini. Dagaa hao huenda soko la Kirumba jijini Mwanza, na kutoka hapo wengine huvuka hadi Congo, Rwanda na Burundi.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: wanawake wengi huchukua ndoo kwa mkopo. Tajiri anakuandika kwenye daftari asubuhi, unamlipa ukishauza. Mvua ikinyesha kabla ya jioni na dagaa wakaoza, deni linabaki palepale.

Taa zilivyoingia

Kabla ya hapo kila mtumbwi ulitumia karabai. Kila jioni zijazwe mafuta ya taa, zipigwe pampu, na ukirushiwa tone la maji kile kifuko cheupe kinachowaka kinapasuka na giza linakukuta katikati ya kazi. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi zaidi ya 400 kwa lita, ili kukomesha uchakachuaji, maana wafanyabiashara walikuwa wanayachanganya na dizeli. Lengo lilikuwa vituo vya mafuta, lakini pigo likafika hadi ziwani.

Mvuvi mmoja kijana, mwenye mtumbwi mmoja tu, alirudi kutoka mjini na balbu za LED, betri na paneli ndogo ya sola. Hakuna mradi uliompa, alinunua dukani kwa pesa yake. Wazee walimwambia mwanga ule ni mweupe mno, wa baridi, dagaa wamezoea mwanga wa moto. Hakubishana nao. Alichukua taa moja mpya akaiweka pamoja na karabai zake, akaenda kuvua kama kawaida.

Usiku ukikaa ufukweni unaziona taa zote za ziwani. Upepo ulipovuma, karabai zilizimika moja baada ya nyingine, ile nyeupe ikabaki. Watu waliliona hilo kutoka milangoni mwao, na asubuhi wakaenda kuhesabu ndoo zake. Mwezi uliofuata akaongeza taa. Maji yalipopenya na kuua balbu, fundi redio wa pale mwaloni alizifungia ndani ya kopo la plastiki na kuziba kwa gundi, na baada ya muda fundi huyo akawa hana nafasi, kila tajiri anamtaka. Siku za mbalamwezi betri zilirudi nyumbani kuwasha taa ya sebuleni na kuchaji simu za majirani kwa malipo.

Ndani ya miaka miwili, mwenye karabai alikuwa ni yule aliyekosa mtaji wa kuiacha.

Vichanja vilivyoingia

Mradi wetu ulifika wakati taa zikiendelea kuenea. Hoja yetu ilikuwa sahihi, na bado ninaiamini. Dagaa wanaoanikwa mchangani hubeba mchanga, kinyesi cha kuku na uchafu wa miguu ya watu, na mvua ikija wanalala kwenye tope. Wanaoanikwa juu ya kichanja, yaani meza ndefu ya miti iliyotandikwa wavu, hupigwa na upepo juu na chini, hukauka vizuri na hubaki safi. Mchango mkubwa wa dagaa katika nchi hii uko kwenye sahani ya mtoto wa familia isiyomudu nyama. Usafi wake ni jambo la afya, na ndilo lililonipeleka kule.

Tulijenga vichanja 24. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa mita 10 na upana wa mita 2, kimo cha kiunoni. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuvitoa bure, kwa sababu akina mama hawakuwa na mtaji. Wa pili, kuwaachia viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa ufukwe, wachague nani apewe, kwa sababu wao ndio wenye mamlaka ya mwalo. Wa tatu, kuvipanga viwiliviwili vikigusana ubavu, kwa sababu eneo lilikuwa dogo. Tukaendesha semina ya siku mbili kuhusu usafi. Walihudhuria wote, wakaitikia vizuri, wakapiga picha nasi.

Baada ya miezi minne nilirudi. Vichanja 6 vilikuwa na dagaa. Vingine vilikuwa na nguo zilizofuliwa, kimoja kilikuwa kivuli cha mbuzi, na vitatu vilikuwa vimeng'olewa nguzo.

Faini

Uamuzi wa nne ndio unaoniuma. Katika kikao na uongozi tulikubaliana kwamba tatizo ni mazoea, na mazoea huvunjwa kwa sheria ndogo. BMU ikatangaza kwamba atakayeanika mchangani atatozwa faini. Sikupinga. Nilikuwa na taarifa ya kuandika, na idadi ya vichanja vinavyotumika ilikuwa inanitazama.

Kwa wiki tatu vichanja vilijaa. Halafu akina mama wakahamia upande wa pili wa kisiwa, nyuma ya miamba, ambako kiongozi hakuwa anafika. Walianika kulekule mchangani, mbali na nyumba zao, wakaacha watoto nyuma, wakatembea na ndoo kichwani njia nzima. Waliobaki walitozwa faini. Mmoja wao alikuwa mjane ambaye siku ile alikuwa na ndoo mbili za mkopo na hakuwa na kichanja, kwa kuwa vilishagawiwa na jina lake halikuwemo. Nilipomwamkia njiani, "Shikamoo mama," aliitika "Marahaba" bila kunitazama.

Niliomba faini isitishwe. Ilichukua vikao viwili, maana faini ilishaanza kuingiza pesa. Baada ya hapo niliacha kufundisha kwa mwezi mzima wa giza. Nikakaa tu, nikasaidia kubeba, kugeuza na kuanua.

Siku ya chekeche

Katika siku hizo ndipo nilipoona kitu ambacho semina zote hazikunionyesha. Mnunuzi alipopima gunia, msaidizi wake aliandika uzito, kisha akatoa kilo 5. Gunia lililofuata, kilo 5. Nikauliza ni za nini.

"Za mchanga," akanijibu.

"Na hili limetoka kichanjani."

"Mwalo huu ni mwalo wa mchanga. Tunakata sawa kwa wote."

Nikamgeukia mama aliyekuwa mwenye gunia, mmoja wa wale 6 waliokuwa bado wanatumia vichanja. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto: "Mwanangu, sisi tulijua tangu gunia la kwanza. Anayeanika chini anakatwa kilo tano, lakini mchanga wake umepimwa pamoja na dagaa. Mimi sina mchanga, ninakatwa dagaa."

Nilikaa chini pale pale. Mwanamke aliyefuata mafundisho yetu alikuwa anapata pesa kidogo kuliko jirani yake aliyeyapuuza. Tulikuwa tumemletea hasara na kumwita mgumu alipoikwepa.

Uamuzi wa tano haukuwa wangu. Akina mama wenyewe waliomba mnunuzi asubiri hadi asubuhi iliyofuata. Walitandaza turubai mbili na kuleta chekeche ya kuchekechea mchanga wa kujengea, iliyofungwa wavu mwembamba juu. Gunia la kwanza, lililoanikwa chini, likapitishwa lote. Mchanga uliobaki turubaini ukamiminwa kwenye sado, lile kopo la kupimia, ukafika nusu na kupita. Gunia la pili lilikuwa la kichanjani. Kilichobaki kilikuwa vumbi na magamba, mama mmoja akakikusanya kwenye kiganja, akamwonyesha mnunuzi, kisha akakipuliza.

Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara, si mtu mbaya. Alisema wazi kwamba mjini kuna wateja wanaolipa zaidi kwa dagaa safi, ila hajawahi kupata dagaa hao kutoka mwalo huu kwa wingi wa kutosha kuwatenganisha. Wakakubaliana: gunia la kichanjani litafungwa kwa kamba ya rangi ya buluu, halitakatwa, na likionekana na mchanga mwenye gunia ataondolewa kwenye utaratibu. Bei ya juu hakuahidi. Aliahidi kutokata tu, na hilo lilitosha kuanzia.

Matokeo

Mwaka mmoja baadaye vichanja 13 vya mradi vilikuwa kazini na 5 vilikuwa vimekwisha kabisa. Vilivyobaki vilitumika masika tu. Hilo la masika hatukulitarajia: katika semina tuliongea afya na ubora, lakini wengi waliorudi kichanjani walirudi kwa ajili ya mvua. Wingu likitanda, dagaa walioko juu ya wavu wanafunikwa turubai na maji yanapita chini. Walioko mchangani wakilowa wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, au hawauziki. Kwa mtu mwenye deni kwenye daftari la tajiri, kunusurika na mvua kunazidi nguvu hoja ya usafi, na katika semina mvua hatukuitaja hata mara moja.

Kiangazi wengi waliendelea na mchanga. Jua kali, mchanga wa moto, dagaa wanakauka kwa siku moja, na ndoo inamwagwa tu chini bila kuhitaji mikono ya kutandaza juu ya wavu. Kamba za buluu zilidumu kwa mnunuzi yule. Wengine waliokuja baada yake waliendelea kukata sawa kwa wote.

Uchambuzi

Nianze na nani alilipa na nani alifaidi. Kwenye mtumbwi, gharama za safari hutolewa kwanza, kinachobaki ndicho kinagawanywa kati ya tajiri na vibarua. Mafuta ya taa yalikuwa sehemu kubwa ya gharama hiyo. Taa ya sola ilipoyaondoa, mgao wa kila mtu ulikua usiku uleule, kuanzia mwenye mtumbwi hadi kijana anayevuta kamba. Kichanja kilifanya kinyume. Kazi iliongezeka kwa mwanamke wa mwaloni, faida ya usafi ikaenda kwa mnunuzi wa mjini na mlaji wa mbali. Alikubali kuwa dagaa safi ni bora. Alichokataa ni kuwalipia wengine usafi huo peke yake.

Wenzangu wengi huishia kwenye neno "elimu." Watu hawa waliijua hesabu ya gunia kuliko sisi. Mjini tungewaita wajasiriamali makini, kule tuliwaita wagumu. Everett Rogers, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza maisha yake yote jinsi mambo mapya yanavyoenea, alikulia shambani Iowa. Baba yake alizipenda mashine mpya za kilimo, lakini aliikataa mbegu chotara ya mahindi mpaka ukame wa 1936 ulipokausha shamba lake huku mahindi ya jirani yakisimama. Mtu mmoja, moyo mmoja, mashine ndiyo, mbegu hapana. Kumgawa mtu kuwa "wa kisasa" au "wa zamani" hakukueleza lolote kuhusu mzee yule, na hakuelezi lolote kuhusu mwalo wetu, ambako mume alikuwa amefunga sola na mke anafagia dagaa mchangani, nyumba moja.

Rogers alisisitiza pia kwamba kitu kipya huenea upesi kikijaribika kidogokidogo na matokeo yake yakionekana na wengine. Yule kijana alijaribu taa moja kati ya nyingi: ingeshindwa, angepoteza usiku wa taa moja. Tena jaribio lake lilionekana na kijiji kizima, gizani, bila hotuba. Mwanamke mwenye ndoo mbili za mkopo hana kipande kidogo cha kujaribia. Nasi hatukumpa njia ya kulinganisha. Siku ya chekeche ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mchanga kuonekana peke yake, ukiwa ndani ya sado, mbele ya yule anayelipa. Nusu saa ile ilifanya kazi ambayo siku mbili za semina hazikuifanya.

Kutoa bure kulituumiza kwa namna ambayo sikuitarajia. Taa ilikuwa na mwenyewe aliyetoa jasho kuinunua, kwa hiyo ilipoharibika alimtafuta fundi. Kichanja kilikuwa "cha mradi." Nguzo ilipooza watu walitusubiri sisi. Lakini nisiishie hapo, kwa sababu hoja hii hutumika vibaya kuwanyima maskini msaada. Kilichokosekana zaidi ya malipo kilikuwa mamlaka. Fundi redio aliruhusiwa kuibadilisha taa, kuifungia kwenye kopo, kuipunguza, kuiongeza. Hakuna mwanamke aliyeona kwamba ana ruhusa ya kukata kichanja chetu. Kilikuja kimekwisha kuamuliwa, na kibao cha mradi juu yake.

Ardhi nayo. Mchanga wa ufukweni hauna mwenyewe: atakayewahi alfajiri anapata nafasi, mjane na mke wa tajiri ni sawa. Kichanja kina nguzo, na nguzo inaleta swali la hapa ni pa nani. Tulipowaachia viongozi wagawe, tuligeuza ufukwe wa wote kuwa viwanja vya wachache, tukaja kuwatoza faini wasiopata. Upinzani uliokuja baada ya hapo ulikuwa dhidi ya dhuluma, na ulistahili kuwepo. Kama faini ingefanikiwa, ripoti yangu ingependeza na wale wanawake wangekuwa wameumizwa kimyakimya.

Kilichofanya kazi upande wetu ni kidogo: kusitisha faini, kukaa mwezi mzima bila kufundisha, na kuwaacha akina mama waongoze mazungumzo na mnunuzi. Tungefika mapema zaidi kama mtu wa kwanza tuliyemtembelea kabla ya kukata mti wowote angekuwa yule mwenye mzani. Hakuwa mwanachama wa kikundi wala mkazi wa kisiwa, hivyo hakuwemo kwenye orodha yetu ya wadau, ilhali yeye ndiye aliyekuwa ameweka kanuni iliyowaadhibu wasafi.

Na upana wa kichanja. Mita 2, viwili vikigusana ubavu: kufika katikati ilibidi ulale juu ya wavu, na dagaa wa katikati walibaki wabichi chini. Nilikiona kipimo hicho kwenye mchoro mara nyingi, sikuwahi kusimama pale na ndoo mkononi. Safari yangu ya mwisho nilimkuta yule mjane amejijengea kichanja chake nyuma ya nyumba, cha fito na wavu mkuukuu wa dagaa, chembamba, kina nafasi pande zote mbili. Nilimwuliza amepimaje. Aliweka bega lake kwenye ukingo, akanyoosha mkono hadi ncha za vidole, akaenda upande wa pili, akanyoosha tena, na vidole vikafika palepale vilipokuwa vimeishia.